Mkuki kwa nguruwe: kauli tano za kutendeana, na ipi ishike kazi gani

Zikipangwa kwenye bango moja, kauli za dini mbalimbali kuhusu kutendeana huonekana kama kitu kimoja kilichosemwa kwa lugha tofauti. Msomaji huafiki, huchukua ile iliyo karibu naye, na kesho yake huitumia mahali isipofanya kazi. Anayetunga kanuni za kikundi cha watu wa imani mchanganyiko, anayefundisha watoto, anayesuluhisha ugomvi na anayetafuta neno la kujipimia kabla ya kulala hawahitaji maneno yaleyale. Kauli hizi ni ndugu, ndiyo, lakini hata watoto wa tumbo moja hawalingani tabia.

Hapa tunalinganisha tano: ya Yesu katika Mathayo na Luka, ya Hillel, rabi wa Kiyahudi, katika Talmudi (mkusanyo wa mafundisho ya marabi), ya Mtume Muhammad (s.a.w.) katika Hadithi, ya Confucius, mwalimu wa China ya kale, na ya Buddha. Jina "Kanuni ya Dhahabu" halimo katika andiko lolote kati ya hayo. Ni jina lililozoeleka Uingereza katika karne ya 17, kwa hiyo usilitafute kwenye sura wala aya.

Tunapima nini

Kwanza, kauli inaamuru au inakataza? "Mtendee" na "usimtendee" haziwekei mtu mzigo sawa. Katazo unaweza kulitimiza ukiwa umelala usingizi, ilhali amri haina mahali pa kusema sasa yametosha. Pili, kinachopimwa ni kitendo au ni moyo? Kitendo kina mashahidi, moyo hauna. Tatu, "mwenzako" ni nani: ndugu wa imani, binadamu yeyote, au hata mnyama?

Nne, na hapa ndipo wengi hawaangalii, kauli inaharibikia wapi? Zote tano zinatumia nafsi yako kuwa ratli, na ratli yenyewe inaweza kuwa mbovu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Unachokipenda wewe huenda kikamkera mwenzako, na kisichokuuma wewe huenda kikamuua yeye. Kila mapokeo yaliliona tatizo hili na yakaweka dawa yake, ila dawa haiko kwenye bango. Imo kwenye aya inayofuata, ambayo hainukuliwi.

Ili tusibaki hewani, kila kauli tutaipitisha kwenye jambo moja. Mwenzako kazini amekosea hesabu kwenye ripoti. Umeliona kosa jioni, na kesho asubuhi ataisoma mbele ya wakubwa.

Na tahadhari moja kabla ya kuanza: hakuna hata moja kati ya hizi iliyo "nipe nikupe", wala hakuna iliyo "jicho kwa jicho". Zote zinaanza na unavyotaka au usivyotaka kutendewa. Ulivyotendewa jana ni habari nyingine.

"Watendeeni vivyo hivyo": Mathayo 7:12 na Luka 6:31

Hii ni amri, na inataka kitendo: yoyote myatakayo mtendewe na watu, nanyi watendeeni vivyo hivyo. Mwenzako hapa ni "watu", bila sifa ya ziada. Mathayo anamalizia kwa kusema hiyo ndiyo torati na manabii. Luka anaiweka kauli katikati ya mafundisho ya kuwapenda adui, na mara baada yake, aya ya 32 hadi 34, anafunga mlango wa nipe nikupe: mkiwapenda wanaowapenda, mkiwakopesha mnaotumaini watarudisha, mmezidi nini? Hata wenye dhambi hufanya hivyo. Anayeinukuu Luka 6:31 peke yake ameacha makali yake nyuma.

Kwenye ripoti yetu, kauli hii inakutoa kitini. Ungetaka kuambiwa mapema, basi mpigie usiku huohuo, mwonyeshe mstari wenye kosa, na ukiweza msaidie kusahihisha.

Inaharibikia mahali patatu. Pa kwanza ni kumlazimisha mtu mapenzi yako. Mtu anayependa kutembelewa akiugua huvamia chumba cha mgonjwa anayetaka kimya, akitoka hapo anaamini ametimiza andiko. Kosa lake ni kuihamisha tamaa jinsi ilivyo, badala ya kupanda ngazi moja juu. Usiulize "napenda wageni?" Uliza "napenda watu wanihoji kabla ya kuniamulia?" Karibu kila mtu atajibu ndiyo, na hilo ndilo la kumtendea mgonjwa.

Pa pili paliguswa na mwanafalsafa Immanuel Kant mwaka 1785: mhalifu anaweza kumwambia hakimu, "ungekuwa mimi usingetaka kufungwa, basi niachilie." Mantiki inaonekana safi, lakini imehesabu watu wawili tu chumbani. Hakimu akijiweka pia mahali pa aliyeibiwa na mahali pa atakayeibiwa kesho, hoja inaanguka. Kwa hiyo kila unapoitumia kauli hii, hesabu kwanza ni watu wangapi wanaoguswa na uamuzi, ndipo ujiweke mahali pa kila mmoja. Pa tatu ni uchovu: amri haina kikomo, na anayeichukua bila mpaka huishia kuwalaumu wale aliowasaidia.

Inamfaa mtu ambaye udhaifu wake ni kukaa kimya. Kwa mtu ambaye tayari anaingilia mambo ya kila mtu, ni mafuta kwenye moto.

"Usimtendee": Hillel, Talmudi ya Babeli, Shabbat 31a

Mtu asiye Myahudi alimwendea Shammai, rabi wa wakati wa Hillel, akitaka afundishwe Torati nzima akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Shammai akamfukuza kwa kijiti cha kupimia cha fundi mjenzi. Alipokwenda kwa Hillel aliambiwa: lililo chukizo kwako usimtendee mwenzako, hiyo ndiyo Torati yote, yaliyobaki ni ufafanuzi wake, nenda ukajifunze.

Ni katazo, na linapima kitendo. Lina ndugu yake wa zamani katika kitabu cha Tobiti, 4:15. Faida kubwa ya katazo ni kwamba watu hutofautiana sana katika wanachopenda, lakini hutofautiana kidogo katika wanachochukia. Kudhalilishwa, kudanganywa, kuibiwa, kupigwa: orodha ni fupi na karibu kila mtu anaitambua. Ndiyo maana kanuni za kundi huandikika kwa urahisi zaidi kwa "usi-".

Neno "mwenzako" linaweza kusomwa kwa ufinyu, likaishia kwa mtu wa jamii yako. Dawa iko katika Walawi 19. Aya ya 18 inasema umpende jirani yako kama nafsi yako, na aya ya 34 inarudia maneno hayo kwa mgeni anayekaa kati yenu.

Kasoro yake ni ukimya. Kwenye ripoti, Hillel anakuzuia kulianika kosa kikaoni, kwa kuwa wewe mwenyewe ungechukia kuaibishwa. Lakini usiku huu hakuamshi. Unaweza kulala, ukaamka, ukakaa kikaoni ukimtazama mwenzako akizama, na katazo hujalivunja. Ndiyo maana "nenda ukajifunze" ni sehemu ya kauli, si adabu ya kumuaga mgeni. Aliyeenda kujifunza atafika Walawi 19:16, ambayo marabi waliielewa kuwa humkataza mtu kusimama tu huku mwenzake akiangamia. Wanaoikata kauli ya Hillel kabla ya maneno hayo ya mwisho wamebakiza mlango bila nyumba.

"Mpaka ampendelee nduguye": Hadithi ya 13 katika Arobaini za Nawawi

Imepokewa na Anas bin Malik na imo katika mikusanyo ya Hadithi ya Bukhari na Muslim: haamini mmoja wenu mpaka ampendelee nduguye anachojipendelea mwenyewe. Tazama kitenzi. Haisemi "mpaka amtendee", inasema "mpaka ampendelee". Kipimo kimehama kutoka mkononi kwenda moyoni, na hakuna kati ya zile nne nyingine inayofanya hivyo waziwazi namna hii. Wanazuoni wanafafanua kuwa "haamini" hapa ni kukosa ukamilifu wa imani. Haimtoi mtu katika Uislamu.

Rudi kwenye ripoti. Umempigia simu, umemwonyesha kosa, amekushukuru. Kwa Mathayo na kwa Hillel umemaliza. Hadithi inauliza swali jingine: ulipoliona kosa, hukusikia kafuraha kadogo? Hukufikiria kwamba akianguka yeye, wewe utaonekana? Hilo ndilo linaloshikwa hapa, mzizi wa hasadi kabla haujachipua kitendo. Kuna watu wenye mikono misafi kabisa ambao Hadithi hii ingewakosesha usingizi.

"Nduguye" ni nani? Maana ya karibu ni ndugu katika imani. Riwaya moja ya Muslim, yaani mapokezi mengine ya Hadithi hiyo, inataja "jirani yake au nduguye", na wapo wafafanuzi waliopanua undugu huo hadi kwa binadamu wote. Anayeinukuu mbele ya watu mchanganyiko aeleze anafuata ufafanuzi upi, asibadilishe tu neno kimyakimya.

Tatizo la ratli mbovu limezibwa mapema: riwaya ya Nasai inaongeza "katika kheri". Mwenye kujipendelea ulevi hana ruhusa ya kumpendelea nduguye ulevi. Hakuna kauli nyingine kati ya tano iliyofunga tundu hilo ndani ya sentensi yenyewe.

Inaharibika pale mtu anaporidhika na nia. Amempendelea kila mtu mema, na hajanyanyua kidole. Wala huwezi kuifanya sheria ya ofisi, maana nani atashuhudia moyo? Kwa upungufu huo, isome pamoja na Hadithi ya Abdullah bin Amr katika Muslim, inayomtaka mtu awafanyie watu lile analopenda yeye afanyiwe, na pamoja na mwanzo wa Sura ya 83, Al-Mutaffifin: ole wao ambao wakijipimia kwa watu hutaka kibaba kijae, na wakiwapimia wengine hupunja. Kibaba unaweza kukikagua.

"Shu": Confucius

Zigong alimuuliza mwalimu wake kama lipo neno moja la kufuata maisha yote. Confucius (551–479 KK) akajibu: labda shu, usilotaka wewe, usiwafanyie wengine. Mazungumzo hayo yamo katika Lunyu, mkusanyo wa maneno ya Confucius, 15.24, ambayo matoleo mengine huihesabu 15.23. Herufi ya shu imeundwa kwa "kama" juu na "moyo" chini, na hilo ni darasa zima kwa mwalimu mwenye ubao.

Kwa sura yake ni katazo la kitendo, kama la Hillel, ingawa Lunyu 6.30 ina upande wa kutenda: anayetaka kusimama, huwasimamisha wengine. Inapotofautiana ni kwenye "mwenzako". Kwa Confucius huyo hasimami peke yake uwanjani. Yuko juu yako, chini yako, mbele, nyuma, kulia au kushoto. Daxue, yaani Elimu Kuu, inaieleza shu kama kipimo cha pembe mraba cha fundi: unachokichukia kwa wakubwa wako usikitumie kwa walio chini yako, unachokichukia kwa walio chini usikitumie kuwahudumia wakubwa, na hivyo hivyo kwa pande nne zilizobaki.

Hili linafanyika kwa karatasi. Chora alama ya msalaba na jiandike katikati. Juu yako andika jambo moja, moja tu, linalokukera kwa bosi wako, kwa mfano kukupa kazi saa kumi na moja jioni na kuitaka kesho asubuhi. Kisha peleka macho chini ya msalaba ujiulize ni nani uliyemfanyia hilohilo mwezi huu. Wengi hukosea kwa kuanza na upande wa chini, wakaishia kuandika lawama za wafanyakazi. Anza juu, ndiko kidonda chako kiliko na ndiko kumbukumbu ilivyo kali.

Kwenye ripoti, shu inauliza kwanza: mwenye kosa ni bosi wako, ni mwenzako, au ni kijana uliyepewa umlee? Akiwa bosi, peleka kosa kwa faragha na kwa namna ya swali. Akiwa kijana, mwonyeshe njia ya kulipata mwenyewe, kwa kuwa ungechukia mkubwa akurekebishie kazi bila kukufundisha.

Kasoro yake ni kwamba inakufundisha kuishi vizuri kwenye ngazi bila kuuliza kama ngazi yenyewe ni ya haki. Aliye chini kabisa hupata pole, hapati lazima haki. Na isichukuliwe kuwa ni laini: alipoulizwa kuhusu kulipa ubaya kwa wema (14.34), Confucius aliuliza, basi wema utaulipa kwa nini? Ubaya ulipwe kwa unyofu, wema kwa wema. Hapo anaachana na Luka 6 waziwazi, na anayesema dini zote zinafundisha kitu kilekile hana budi kuipitia aya hiyo.

Zigong mwenyewe aliwahi kudai kuwa asilotaka kufanyiwa, naye hawafanyii wengine. Mwalimu akamwambia hajafika huko (5.12). Ni ukumbusho mzuri kwa wanaoiita kauli hii "rahisi".

"Ukijifanya wewe kuwa mfano": Buddha

Dhammapada, kitabu cha beti za mafundisho ya Buddha, beti za 129 na 130: wote hutetemeka mbele ya fimbo, wote hupenda uhai, ukijifanya wewe kuwa mfano, usipige wala usisababishe kupigwa. Ni katazo la kitendo, na linakwenda hadi kwa kitendo ulichomtuma mtu mwingine akufanyie, jambo ambalo kauli nyingine zinaliacha lisomwe katikati ya mistari.

Mwenzako ni kila kiumbe kinachoogopa maumivu. Tunasema mkuki kwa nguruwe mtamu, kwa binadamu mchungu, na tunamaanisha kwamba binadamu asichomwe. Kati ya kauli hizi tano, ni hii pekee ambayo nguruwe naye anahesabiwa.

Toleo lake la vitendo zaidi liko katika hotuba kwa wenyeji wa Lango la Mianzi (Veludvara), waliojitambulisha kuwa watu wa kawaida wenye nyumba zilizojaa watoto, wanaopenda manukato na fedha, wakaomba mafundisho yanayowafaa hao. Walipewa mambo saba: kuua, kuiba, kuzini na mwenzi wa mtu, uongo, fitina, maneno makali na porojo. Kila moja lina hatua tatu: jizuie, himiza wengine wajizuie, na sifu kujizuia huko. Kwa ripoti yetu, hatua ya kwanza ni kutolisambaza kosa. Ya pili inatokea pale kwenye chai, mtu anapoanza kucheka na wewe unamkatiza.

Kauli inayopima maumivu ina udhaifu unaotabirika: maumivu mengine ni ya lazima. Daktari hudunga, na mwenye kosa lazima aambiwe hata kama itamchoma. Buddha alilijibu hilo katika mazungumzo na Mwanamfalme Abhaya, aliyekuwa amempakata mtoto mchanga. Mtoto akimeza kijiti au jiwe, utafanyaje? Nitalitoa, hata kwa damu, kwa kuwa namhurumia. Ndivyo yalivyo maneno ya kweli na yenye faida yasiyopendeza, na anayeyasema huyachagulia wakati wake.

Nyingine kwa ufupi

Kwa msomaji wa Kihindu, kauli iliyo karibu na Hillel imo katika utenzi wa kale wa Mahabharata, sehemu ya Anushasana Parva, Brihaspati anapomfundisha Yudhishthira. Wajaini, wafuasi wa dini nyingine ya kale ya India, wanakwenda mbali kuliko wote katika kuhesabu viumbe. Kwa Wabahai, kitabu chao kitakatifu Kitab-i-Aqdas kinasema msiwatakie wengine msilojitakia, yaani katazo lenye kipimo cha moyo, mchanganyiko usioupata kwenye zile tano.

Uchukue ipi

Kwa kundi la imani mchanganyiko, anza na umbo la katazo, kisha ongeza la amri. Tamko la maadili lililotolewa Chicago mwaka 1993 kwenye Bunge la Dini za Dunia lilitumia yote mawili, na kuna sababu: la kwanza watu hukubaliana haraka, la pili huzuia kundi lisijifiche kwenye ukimya. Kila mwenye dini alete kauli yake kwa maneno yake. Kosa la kawaida ni mratibu kulainisha za wengine zifanane na yake, "nduguye" ikawa "watu wote", huku namba ya Hadithi imeachwa palepale chini.

Kwa watoto, chagua katazo na uliza "nini kilikuuma?" kabla ya "ungependa nini?" Mtoto ukimuuliza "ungependa akupige?" anaweza kukujibu kwa ujasiri kuwa hajali, na somo limekwisha. Kidonda anachokikumbuka hakikani.

Msuluhishi afanye kazi na ule msalaba wa karatasi, mmoja kwa kila upande, kisha pande hizo mbili zibadilishane karatasi zao. Asiruhusu hoja ya ufumbuzi mpaka kila mmoja ameeleza lalamiko la mwenzake na mwenzake amesema "ndivyo". Mwenye madaraka achukue huohuo, ila aandike Luka 6:32 pembeni, kwa kuwa shu peke yake haitamsukuma kumfaa asiyeweza kumlipa.

Kwa kujipima usiku, Hadithi ndiyo kali zaidi, hata kwa asiye Mwislamu. Anayefanya kazi na wanyama, au anayewatuma wengine kufanya kazi chafu kwa niaba yake, asome beti za 129 na 130.

Yuko mmoja ambaye hapaswi kupewa yoyote kati ya tano kama ilivyo: mtu anayejidharau. Ukimwambia awatendee wengine kama anavyojitakia, naye hajitakii kitu, umempa ratli isiyo na uzito. Marabi walilijadili hili. Akiva alisema "mpende jirani yako kama nafsi yako" ndiyo kanuni kuu ya Torati; Ben Azzai akasema iko kuu kuliko hiyo, Mwanzo 5:1, kwamba mtu aliumbwa kwa mfano wa Mungu, na Bereshit Rabba, ufafanuzi wa marabi wa kitabu cha Mwanzo, inaeleza sababu: asije mtu akasema, kwa kuwa mimi nimedharauliwa, na mwenzangu adharauliwe pamoja nami. Mtu wa namna hii mwanzishe na Mwanzo 5:1, na Mathayo 7:12 isubiri.